Maumivu ya kiungo cha sakroiliaki: namna ya kumpata mtaalamu anayekijua

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ameshaambiwa "ni mgongo tu" mara kadhaa, amemeza dawa, amejilaza, na bado akiulizwa panapouma mkono wake hauendi mgongoni. Unashuka chini ya mkanda wa suruali, upande mmoja, juu ya tako. Majibu yaliyo hapa yameelemea zaidi kwenye jambo moja: nani akutibu, na utamjuaje kabla hajafika kwenye sindano au kisu. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekuona na kukupima.

Kiungo hiki kiko wapi?

Chini ya pingili za kiuno kuna mfupa wa pembetatu uitwao sakramu. Umepachikwa kama kabari katikati ya mifupa miwili mipana ya nyonga, na pale unapokutana na kila mmoja ndipo penye kiungo cha sakroiliaki. Kwa hiyo unavyo viwili, kulia na kushoto. Ukijipapasa chini ya kiuno kwa nyuma utakuta vishimo viwili vidogo, ambavyo kwa watu wengine huonekana wazi kabisa. Kiungo kiko jirani na hapo, ndani zaidi.

Kazi yake ni kupitisha uzito wa kiwiliwili kwenda miguuni na kupokea mshindo wa kila hatua. Hakikuumbwa kucheza kama goti au bega. Mwendo wake ni nyuzi chache na milimita moja au mbili, kwa sababu kimefungwa na kano ambazo ni miongoni mwa zilizo imara kabisa mwilini. Liweke hilo akilini, litatufaa tukifika kwa wale wanaodai kukirudisha mahali pake.

Nitajuaje kwamba maumivu yanatoka hapo?

Kwa uhakika hutajua ukiwa nyumbani. Lakini zipo dalili zinazotosha kumfanya mtu aulize. Ya kwanza ni kidole: ukiambiwa uonyeshe panapouma kwa kidole kimoja tu, kinatua karibu na kile kishimo, chini kidogo na kwa upande wa ndani, na ukiombwa uonyeshe tena kinarudi palepale. Ya pili ni nyakati. Maumivu huchoma unapoinuka kitini, unapogeuka kitandani, unapopanda ngazi, unaposimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali, au ukikaa muda mrefu ukiwa umeegemea tako moja.

Yanaweza kusambaa hadi kwenye tako, kinena na nyuma ya paja, na kwa baadhi ya watu hupita goti. Hapo ndipo huchanganywa na neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili. Tafiti zilizotumia sindano za ganzi kutafuta chanzo zinakihusisha kiungo hiki na takriban asilimia 15 hadi 30 ya maumivu sugu ya mgongo wa chini. Idadi hiyo si ndogo, lakini pia ina maana kwamba wengi wanaoumwa kiuno chanzo chao kiko kwingine. Anayeona sakroiliaki kwenye kila tako linalouma ana haraka sawa na yule asiyekitaja kabisa.

Dalili zipi zisingoje miadi ya mtaalamu?

Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo kugoma kutoka, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu kuishiwa nguvu: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Onana na daktari mapema pia ikiwa maumivu yameambatana na homa, umepungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani, au yalianza baada ya ajali. Mtu mwenye mifupa dhaifu, au aliyetumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu, anaweza kuvunjika sakramu kwa kuanguka kidogo tu, au bila kukumbuka kuanguka kokote. Maambukizi nayo huingia kwenye kiungo hiki, yakiwemo ya kifua kikuu na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Kwa nini daktari wangu hajawahi hata kukitaja?

Sababu moja ni ya kihistoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiungo hiki kilikuwa mashuhuri. Mwaka 1905 madaktari wa Marekani, Goldthwait na Osgood, walikieleza kama chanzo cha maumivu ya kiuno, na mwaka 1921 mpasuaji Smith-Petersen akachapisha njia ya kukiunganisha kwa upasuaji. Kisha mwaka 1934 wapasuaji Mixter na Barr wakaonyesha kwamba diski iliyochomoza hubana neva na kuleta maumivu ya mguu. Macho yote yakahamia kwenye diski. Picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, zilipoingia, diski ikaonekana vizuri zaidi, na kiungo ambacho hakionyeshi kasoro pichani kikazidi kusahaulika.

Sababu ya pili ni ya kila siku: muda wa kumwona mgonjwa ni mfupi, na kukipima kiungo hiki kunataka mgonjwa avue, alale, ageuzwe na asukumwe. Kuandika fomu ya picha ni kazi ya dakika moja.

Ipo na sababu ya upande wetu sisi wagonjwa. Watu huona haya kusema "tako", wakasema "mgongo" au "kiuno". Wenye maumivu wakati wa tendo la ndoa hunyamaza kabisa. Wahenga walishatuambia habari za mficha maradhi. Daktari akitajiwa mgongo, atapima mgongo.

Basi mtaalamu wa kiungo hiki anaitwaje?

Hana jina moja, na ndiyo maana watu huzunguka. Kiungo kiko kwenye mpaka wa fani kadhaa, na kila fani inashika pembe yake.

Mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi na mikono, ndiye ambaye wagonjwa wengi watakaa naye muda mrefu kuliko wote, na kwa maoni yangu ndiye wa kutafutwa kwa bidii kubwa zaidi. Si kila mfiziotherapia, hata hivyo. Tafuta mwenye mafunzo ya ziada ya mgongo na nyonga, au ya afya ya nyonga kwa wanawake ikiwa una mimba au umejifungua karibuni.

Daktari wa tiba ya urekebishaji, ambaye wengine humwita fiziatria, hutibu mifupa, misuli na neva bila kupasua. Mara nyingi ndiye anayefaa zaidi kuushika usukani wa matibabu yote, kwa sababu hana cha kukuuzia kimoja: anapima, anaandika mazoezi, anajua sindano, na anajua wakati wa kukupeleka kwa mpasuaji.

Daktari wa maumivu, ambaye wengi wao walianzia kwenye fani ya ganzi na usingizi, ndiye mwenye sindano za kuongozwa kwa picha na matibabu ya kuunguza neva. Mtaalamu wa radiolojia, yaani wa picha za mwili, naye anaweza kuchoma sindano hizo, ingawa kwa kawaida hatabaki nawe baada ya hapo.

Daktari wa baridi yabisi anahitajika pale kiungo kinapovimba kwa ugonjwa wa kinga ya mwili, yaani kinga inapoushambulia mwili wenyewe. Mpasuaji wa mifupa, au mpasuaji wa neva anayeshughulikia uti wa mgongo, huja mwisho. Kuna wapasuaji wakubwa wa mgongo ambao hawajawahi kufanya upasuaji wa kiungo hiki. Hiyo si aibu yao, ni fani nyingine.

Nianze na nani?

Anza na daktari wako wa kawaida ili hatari zilizotajwa hapo juu ziondolewe, kisha mfiziotherapia. Kuruka moja kwa moja kwa mpasuaji huokoa muda mara chache sana, kwa kuwa swali lake la kwanza litakuwa: umefanya mazoezi ya aina gani, na kwa muda gani?

Asubuhi naamka nimekakamaa, nikitembea inaachia. Ni kitu kilekile?

Huenda si kilekile, na hapa njia inabadilika. Maumivu yaliyoanza kabla ya umri wa miaka 45, yamezidi miezi mitatu, yanazidi ukipumzika na kupungua ukijongea, yanakuamsha sehemu ya pili ya usiku, na asubuhi unakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, hayo yana sura ya uvimbe wa kiungo unaotokana na kinga ya mwili. Ikiwa umewahi kuvimba jicho ndani likawa jekundu na kuuma, una ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, matumbo yako huvimba, au nyumbani kwenu yupo mwenye maradhi kama hayo, shaka inaongezeka.

Omba rufaa kwa daktari wa baridi yabisi. Atataka vipimo vya damu, ikiwemo alama ya kurithi iitwayo HLA-B27, na picha ya MRI ya viungo vya sakroiliaki vyenyewe. Wagonjwa wa aina hii huchelewa miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa, wakichuliwa na kupewa dawa za maumivu, ilhali zipo dawa zinazotibu ugonjwa wenyewe.

Nimepata jina la mtaalamu. Nitajuaje kama kweli anakijua kiungo hiki?

Mtazame anavyokupima. Vyeti ukutani na wingi wa wagonjwa nje ya mlango vinakuambia machache kuliko dakika kumi za uchunguzi.

Anayekijua ataanza kwa kukuuliza uonyeshe panapouma. Kisha atakitia kiungo mkazo kwa njia zaidi ya moja, maana hakuna kipimo kimoja cha mikono kinachotosha. Vinavyotumika sana ni hivi. Ukiwa chali, anasukuma mifupa ya mbele ya nyonga kuelekea nje na chini. Bado ukiwa chali, anakunja paja lako hadi lisimame wima kisha analisukuma kuelekea kitandani. Ukilala ubavu, anakandamiza nyonga kutoka juu. Ukilala kifudifudi, anasukuma sakramu. Na kipo kile ambacho goti moja linavutwa kifuani huku mguu wa pili ukining'inia pembeni ya kitanda.

Katika kila kimoja atakuuliza kama maumivu unayoyasikia ni yaleyale yaliyokuleta. Swali hilo ni la maana sana. Kusukumwa kwa nguvu kunaweza kumuuma mtu yeyote, kinachotafutwa ni maumivu unayoyafahamu. Mfiziotherapia wa New Zealand, Mark Laslett, na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba vipimo vitatu au zaidi vikiyaamsha maumivu hayo, uwezekano kwamba chanzo ni kiungo hiki unapanda sana. Visipoyaamsha hata kimoja, ni busara kutafuta kwingine.

Hataishia hapo. Atazungusha kiungo cha nyonga, pale paja linapoungana na nyonga, kwa sababu nyonga iliyochakaa huuma kinenani na takoni vilevile. Atainua mguu ulionyooka, atapima nguvu za miguu na hisia za ngozi, ataangalia kiuno kinavyokunjika. Mtu anayekijua kiungo cha sakroiliaki anaijua na mipaka yake, na utamsikia akitaja vyanzo vingine viwili vitatu ambavyo bado hajaviondoa.

Wa kumtilia shaka ni yule anayetoa jina la ugonjwa kwa kutazama picha tu, bila kukugusa. Au anayekulaza, akatazama visigino, akatangaza kwamba mguu mmoja ni mfupi na hilo ndilo tatizo lote. Tofauti ndogo za urefu wa miguu ni za kawaida kwa watu wasioumwa kitu. Na yule ambaye kila mgonjwa wake uliyekutana naye barazani anapewa tiba ileile.

Maswali gani nimuulize?

Muulize ni mara ngapi anawaona wagonjwa wa kiungo hiki, na huwafanyia nini kwanza. Muulize kitu gani kingemfanya aamini kwamba chanzo si hicho. Muulize kama anafanya kazi pamoja na mfiziotherapia, na kama ni ndiyo, yupi. Ikiwa anachoma sindano, muulize anaongozwa na picha ya aina gani. Ikiwa ni mpasuaji, muulize amefanya upasuaji huu mara ngapi na wagonjwa waliobaki na maumivu huwafanyia nini baadaye.

Swali la pili ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Mtaalamu mzuri hulijibu bila kuudhika.

Picha yangu ya MRI haikuonyesha kitu. Je, maumivu ni ya kufikirika?

Hapana. Kiungo kinaweza kuuma bila kuacha alama pichani. Tena MRI ya kawaida ya mgongo wa chini imelengwa kwenye pingili na diski, kiungo chenyewe huenda kimekatwa ukingoni mwa picha. Kinyume chake nacho ni kweli: watu wengi wasioumwa popote wana dalili za kuchakaa kwenye viungo hivi, hasa umri ukisogea. Picha inasaidia zaidi kuondoa mambo mengine, kama kuvunjika, uvimbe, maambukizi na ugonjwa wa kinga, kuliko kuthibitisha kwamba kiungo ndicho kinachouma.

Sindano ya kupima ni ipi, na nani aichome?

Daktari anaingiza dawa ya ganzi kidogo ndani ya kiungo, kisha wewe unafanya yale yanayokuumiza: unainuka, unapanda ngazi, unakaa. Maumivu yakishuka sana kwa saa chache za ganzi, kiungo kimeshukiwa kwa haki. Madaktari wengi hutaka yashuke kwa asilimia 75, wengine hukubali 50. Kwa kuwa sindano moja hudanganya, baadhi hurudia siku nyingine kabla ya kuamua jambo kubwa kama upasuaji.

Jambo la kulishikilia ni picha. Kiungo hiki kina mlango mwembamba, kimejificha nyuma ya mfupa na kano. Sindano ichomwe kwa kuongozwa na eksirei ya moja kwa moja au CT (eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande), na dawa ya rangi itiwe kwanza kuthibitisha kwamba ncha iko ndani. Sindano za kubahatisha kwa mikono hukosa kiungo mara nyingi kuliko zinavyokipata. Ultrasaundi husaidia kuona njia, lakini haionyeshi kwa uwazi uleule kama dawa imeingia ndani. Mtu akitaka kukuchoma kwa kupapasa tu, jibu utakalolipata halitakuambia kitu, likiwa zuri au baya.

Andika maumivu yako kwa namba, kutoka 0 hadi 10, kabla ya sindano na kila saa baada yake. Usitegemee kumbukumbu. Mara nyingi steroidi huchanganywa na ganzi, na nafuu ya siku zinazofuata ni ya steroidi, kwa hiyo zitenganishe kwenye maandishi yako. Kama una kisukari, waambie mapema, maana steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache kwa uamuzi wako.

Kuna anayesema kiungo changu "kimetoka" na atakirudisha.

Kumbuka zile milimita. Kiungo hiki hutoka kweli mahali pake kwa ajali kubwa, na mtu huyo yuko hospitali, hatembei kwenda kwa mchuaji. Kubonyeza na kunyoosha kwa mikono kunaweza kuleta nafuu kwa kulegeza misuli na kutuliza neva, na hakuna ubaya kuitumia nafuu hiyo kufanya mazoezi. Ubaya unaanza pale unapoambiwa urudi kila wiki kwa miaka kwa sababu "kimetoka tena". Unaanza kutembea kwa woga, unaacha kuinama, misuli inadhoofika, na maumivu yanapata sababu mpya. Mwenye mifupa dhaifu, mjamzito na mwenye ugonjwa wa kinga wasikubali kubonyezwa kwa nguvu na mtu asiyejua hali yao.

Mtaalamu mzuri wa mazoezi atanifanyisha nini?

Ataanza na unachokiweza, si karatasi ya mazoezi iliyochapwa kwa ajili ya wote. Kwa kawaida analenga misuli ya matako, tumbo la ndani na mgongo, pamoja na jinsi unavyoinuka, unavyobeba na unavyogeuka kitandani. Atakupa kazi ya nyumbani na ataiongeza uzito kadiri wiki zinavyosonga. Kulazwa tu chini ya taa ya joto au mashine ya umeme kila unapokwenda si tiba ya kutosha, hata kama inapendeza.

Mpe wiki sita hadi kumi na mbili za kazi ya kweli kabla ya kuhukumu. Kama hufanyi mazoezi nyumbani, wiki hizo hazihesabiki.

Mkanda wa nyonga unafaa?

Kwa wengine, ndiyo, kama msaada wa muda wakati wa kutembea au kusimama kazini. Uvaliwe chini, kuzunguka nyonga, si kiunoni kama mkanda wa mgongo. Ukikusaidia mara tu unapoufunga, mwambie mtaalamu wako. Kwake ni dokezo.

Nina mimba, au nimejifungua karibuni. Nani anihudumie?

Maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito huwapata takriban mwanamke mmoja kati ya watano. Usiyakubali maneno kwamba ndiyo mimba ilivyo, vumilia. Mfiziotherapia wa afya ya nyonga ndiye mtu wako wa kwanza. Kipimo kimojawapo atakachofanya ni rahisi: unalala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka sentimita 20 hivi, kisha unarudia huku yeye amezibana nyonga zako kwa mikono. Ikiwa mara ya pili mguu unainuka kwa wepesi zaidi, atajua aanzie wapi. Mkunga na daktari wako wa uzazi wajue pia, ili mikao ya kujifungua ipangwe mapema bila kutanua mapaja kupita kiasi. Wengi hupona miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Ambaye hajapona baada ya miezi mitatu arudi kupimwa, na asikubali kutumwa nyumbani kungoja.

Niliunganishwa pingili za mgongo miaka iliyopita, sasa tako linauma.

Litaje hilo mwanzoni kabisa. Pingili za chini zikishaunganishwa, mzigo uliokuwa ukigawanywa hapo huhamia jirani, na jirani wa chini ni kiungo hiki. Mpasuaji aliyekufanyia kazi ya kwanza aangalie kama skrubu na mfupa viko sawa, lakini sakroiliaki ipimwe pia, ikiwezekana na mtu mwingine.

Daktari wa maumivu amependekeza kuunguza neva.

Neva ndogo zinazobeba maumivu ya upande wa nyuma wa kiungo huchomwa kwa joto la mawimbi ya redio. Zikiota tena, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, maumivu yanaweza kurudi na tiba kurudiwa. Ushahidi unavutana: majaribio kadhaa yalionyesha nafuu, lakini majaribio makubwa ya Uholanzi yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuona faida ya maana pale tiba hii ilipoongezwa juu ya mazoezi. Ningeikubali tu kama vipimo vya mikono na sindano ya ganzi vyote vimeelekeza hapo, na kama nina mpango wa mazoezi wa kufanya wakati maumivu yamelala.

Na sindano za plazma (maji ya damu) ya damu yangu mwenyewe?

Tafiti zilizopo ni ndogo. Ukiuziwa sindano hizo kama uponyaji wa uhakika, ondoka.

Ni wakati gani wa kumwona mpasuaji?

Baada ya angalau miezi sita ya tiba ya kweli isiyo ya upasuaji, vipimo vya mikono vikiwa vimekubaliana, na sindano ya ganzi iliyoongozwa kwa picha ikiwa imeondoa sehemu kubwa ya maumivu. Pungufu ya hapo ni mapema mno. Upasuaji wa siku hizi hufanywa kwa mpasuo mdogo pembeni ya tako, na vipande vya titani hupitishwa kutoka mfupa wa nyonga hadi sakramu ili kiungo kisijongee. Utatembelea magongo kwa wiki kadhaa. Mvutaji sigara ataambiwa aache, kwa kuwa mfupa wake huunga vibaya.

Majaribio ya Marekani na Ulaya yaliwakuta waliopasuliwa na nafuu kubwa kuliko waliotibiwa bila kisu. Lakini majaribio hayo yaligharimiwa na mtengenezaji wa vipandikizi, na wagonjwa walijua wamepata tiba ipi. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio la Skandinavia, ambalo baadhi ya wagonjwa walipasuliwa ngozi tu bila kuwekwa kitu, hayakuonyesha tofauti ya maana katika miezi sita. Mpelekee mpasuaji wako swali hilo na umsikilize anavyolijibu. Akilibeza kana kwamba halipo, tafuta maoni ya pili. Akikueleza kwa nini bado anaona wewe ni mtu wa kufaidika, mna mazungumzo ya maana.

Hakuna mtaalamu wa namna hii karibu nami. Nifanyeje?

Gawa kazi. Vipimo vya mikono lazima vifanywe ana kwa ana, lakini unavihitaji mara moja au mbili, kwa hiyo safari moja ndefu inaweza kutosha. Historia ya ugonjwa, kusoma picha, kupanga na kurekebisha mazoezi vinawezekana kwa simu ya video, na mfiziotherapia wa karibu anaweza kufuata mpango ulioandikwa na wa mbali wakikubali kuwasiliana. Uliza hilo kabla ya kulipa nauli.

Kabla ya kusafiri, kusanya picha zenyewe na si ripoti peke yake, orodha ya dawa ulizotumia na zilivyokusaidia, na karatasi moja yenye tarehe maumivu yalipoanza, yanayoyazidisha na yanayoyapunguza. Kama umewahi kuchomwa sindano, omba nakala ya maelezo yake: ilichomwa kiungo gani, kwa picha gani, dawa gani na kiasi gani, na maumivu yalikuwa namba ngapi kabla na baada. Vaa nguo ambazo huoni taabu kuzivua, na siku hiyo usimeze dawa ya maumivu asubuhi kama daktari wako hajakukataza kuiruka, maana kiungo kilichotulizwa kwa dawa kinaweza kukaa kimya kinaposukumwa.